Someni kabla hamjasugua: barua ya wazi kwa wanaoshika funguo za ndege za vita

Kwenu wakurugenzi wa majumba ya makumbusho, wakuu wa mamlaka za usafiri wa anga, watunza nyaraka za majeshi, na ninyi mnaoidhinisha fedha za ukarabati,

Shikamooni kwa wanaostahili, na salamu kwa wengine wote.

Mimi si mtu wa cheo. Ni fundi wa kujitolea, wa zile Jumamosi za kuvaa ovaroli asubuhi na kurudi nyumbani usiku na grisi kwenye kucha. Kwa miaka mingi nimeshika vipande vya ndege zilizopigana Vita vya Pili vya Dunia: milango ya magurudumu, mbavu za bawa, dashibodi zilizong'olewa mita zake, mabati yenye matundu ambayo hakuna fundi aliyeyatoboa. Naandika kwa sababu ya kosa nililolifanya kwa mikono yangu, ambalo naliona likirudiwa katika karakana kubwa kuliko yetu, kwa fedha nyingi kuliko zetu, na kwa saini zenu.

Kulikuwa na mlango wa gurudumu wa ndege ya kivita, umetoka kwenye ghala la jumba moja la makumbusho ambalo sitalitaja. Upande wa nje ulikuwa na rangi ya kijivu iliyopakwa ovyo, inabambuka kama magamba ya samaki. Upande wa ndani, ule unaoangalia tumbo la ndege, ulikuwa bado na rangi ya kwanza ya kiwandani, ile ya kijani inayokaribia manjano ambayo kila fundi wa ndege anaijua, zinki kromati, iliyopakwa ili bati lisiliwe. Sherehe ya ufunguzi ilikuwa wiki inayofuata. Mkubwa wa kazi akasema, "Ning'arishie hiki." Nikapewa mpira wa kupuliza mchanga, nikapuliza. Bati likaanza kung'aa kama sufuria iliyotoka dukani. Nilipofika kona ya chini nikaona penseli: herufi mbili, alama ya vema, na tarakimu. Macho yaliona kabla mkono haujapata habari. Nilipofunga hewa ilikuwa imebaki herufi moja na kipande cha ya pili.

Niliwaita wenzangu. Mmoja akasema pole. Mwingine akasema mbona umeacha kona, malizia. Wiki iliyofuata wageni walipiga picha za mlango ule na kuusifu, nami nikapongezwa.

Alama ya penseli kwenye bati la ndani ni ya mtu aliyezikagua ribiti zile, misumari inayounganisha mabati, akaridhika. Kwa alama kama hiyo mtafiti anaweza kufuatilia kipande kilitoka kiwanda gani, zamu gani, na hata kama mlango ule uliwahi kuhamishwa kutoka ndege moja hadi nyingine, jambo lililokuwa la kila siku vitani. Mchanga uliichukua kwa sekunde tatu.

Basi ombi langu nilitangulize, ili asiye na muda asome hapa tu: msitoe fedha wala kibali cha kukarabati ndege yoyote ya vita, au kipande chake, kabla hakijasomwa na kuandikwa kama kilivyo. Kipigwe picha, kipimwe, matabaka ya rangi yahesabiwe, mihuri na namba zinakiliwe, na daftari hilo liwekwe mahali ambapo mtu mwingine atalipata. Baada ya hapo king'arisheni mpaka mjione sura zenu.

Wapo waliofanya hivyo, na matokeo yao yanaonekana kwa macho. Katika jumba la makumbusho la Fleet Air Arm, yaani kikosi cha anga cha wanamaji, pale Yeovilton, Uingereza, kuna ndege ya kivita aina ya Corsair yenye namba KD431. Ilitengenezwa Marekani na Goodyear mwaka 1944, ikatumikia jeshi la wanamaji la Uingereza. Mwaka 1963 ilipakwa rangi mpya juu ya ile ya zamani ili ipendeze. Miongo kadhaa baadaye mafundi wa jumba hilo waliamua kuiondoa rangi ya 1963 peke yake, kidogo kidogo, kwa mikono, bila kuigusa iliyo chini yake. Ni kazi ya kuchosha macho na mabega. Lakini chini ya ile rangi ya urembo walikutana na ndege ya 1944 imelala vilevile: rangi ya kiwandani, alama za vitani, viraka vya marekebisho, kila kitu mahali pake. Kinachonichekesha, na kunitisha pia, ni kwamba uvivu ndio uliotuokoa. Mtu wa 1963 angekuwa na bidii kama yangu, akakwangua kwanza mpaka kwenye bati ndipo apake, leo pasingekuwa na kitu cha kusoma.

Smithsonian, majumba ya makumbusho ya taifa la Marekani, nao wana Marauder iitwayo Flak-Bait, ndege ya mabomu iliyomaliza misheni zaidi ya 200 juu ya Ulaya na kurudi na matundu zaidi ya 1,000. Matundu yale yalizibwa viraka, na viraka vipo mpaka sasa. Jumba liliamua kuihifadhi ilivyo. Hawakuipaka rangi upya, hawakuinyoosha mikunjo. Simama mbele ya kiraka kimoja kama hicho: ni usiku wa fundi mmoja, taa mkononi, huku rubani akiihitaji ndege alfajiri. Ribiti za kiraka hazikukaa kwenye mstari ulionyooka kama za kiwandani, kwa sababu aliyezipiga alikuwa na haraka. Bati jipya lingefuta habari hiyo yote, na mgeni angeona ndege safi isiyowahi kwenda popote.

Najua mtakachonijibu: fedha na muda. Nami nawajibu kwa hesabu ya kilichobaki. Chukueni ndege za Uingereza za vita hivyo: Halifax zilitengenezwa 6,176, na leo hakuna hata moja inayoruka. Typhoon zilipita 3,300, ikabaki nzima moja. Stirling zilikuwa zaidi ya 2,300, na hakuna nzima hata moja. Whirlwind zilikuwa 116, zote zimekwenda. Kwa ndege kama hizi kipande ndicho ndege yenyewe. Halifax iliyoko Elvington, Uingereza, ilianzia kwenye kipande cha bodi, yaani kiwiliwili cha ndege, kilichokuwa kimegeuzwa banda la kuku katika kisiwa cha Lewis, na mabawa yakachukuliwa kutoka ndege ya mizigo aina ya Hastings. Kuku, kwa taarifa yenu, hawapulizi mchanga.

Niseme kidogo kuhusu kusoma kipande, maana wengi mnaosaini hamjapata nafasi ya kukaa chini mkafanya. Unaanza kwa tochi iliyolazwa ubavu, siyo kuelekezwa juu ya bati. Mwanga ukipita kwa pembeni, namba iliyogongwa kwa nyundo inatoa kivuli hata kama imepakwa rangi mara nne. Kwenye Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, vipuri vingi vina namba inayoanza na tarakimu tatu za aina ya mchoro: 300 ni mchoro wa Mk I, yaani toleo la kwanza, 349 ni Mk V, 361 ni Mk IX. Hapo mgeni wa kazi hurukaruka kwa furaha, "nimepata Mk I!" Pole pole. Kipuri ambacho hakikubadilika tangu Mk I kiliendelea kuchongwa kwa namba ileile ya 300 hadi kwenye ndege za baadaye, kwa hiyo ukikuta 300 umejua mchoro, hujaijua ndege. Tofauti ni pale unapokuta 361 kwenye mabaki yanayosemwa ni ya mwaka 1940, wakati Mk IX haijazaliwa. Hapo kuna mtu anadanganya au kuna mtu amechanganya maboksi. Pembeni unaweza kukuta muhuri wa CBAF, kiwanda cha Castle Bromwich. Kwenye bati la Kimarekani utakuta maneno ya wino, ALCLAD 24S-T, yanajirudia mstari kwa mstari kama chapa kwenye khanga. Wino huo unafutika kwa kitambaa chenye tina. Nimeuona ukifutwa na kijana mwenye nia njema kabisa, akidhani ni uchafu.

Na bati lenyewe lina saa yake. Duralumini ni alumini yenye shaba kama asilimia 4. Shaba ndiyo inayoipa nguvu, na shaba hiyohiyo ndiyo inayokaribisha chumvi. Ulikaji ukiingia ndani, bati hufunguka kurasa kwa kurasa kama kitabu kilicholoa maji, na ukilishika linabaki vidoleni kama unga. Ndiyo maana walioinua ndege ya Kijerumani, Dornier Do 17, kutoka Goodwin Sands, mafungu ya mchanga baharini Uingereza, mwezi Juni 2013 hawakuanza na kreni. Walianza na vipande vidogo vilivyopelekwa maabara ya Imperial College, London, ili ijulikane kwanza dawa gani itatoa chumvi bila kumaliza chuma. Ndege ilipotoka baharini, baada ya kukaa humo tangu 1940, ikaingizwa katika mahema ya plastiki kwenye jumba la makumbusho la Cosford na kunyunyiziwa maji yenye asidi laini ya sitriki, ile iliyomo kwenye malimau. Kazi hiyo haina picha nzuri za kuweka kwenye mabango. Ni maji yanadondoka, na watu wenye makoti ya mvua.

Linganisheni Halifax mbili zilizotoka kwenye maziwa ya Norwei. Ya kwanza, W1048, ilipigwa ikienda kuishambulia Tirpitz, meli ya kivita ya Ujerumani, mwezi Aprili 1942, ikatua juu ya barafu ya ziwa Hoklingen. Watu wakatoka, barafu ikayeyuka, ndege ikazama. Iliinuliwa 1973, na leo inaonyeshwa London ikiwa karibu kama ilivyotoka majini, imechanika, imechakaa. Ya pili, NA337, ilidunguliwa Aprili 1945 ikirudi kutoka kuwaangushia mizigo wapiganaji wa Norwei, na katika watu sita alipona mmoja. Iliinuliwa kutoka ziwa Mjøsa mwaka 1995, ikapelekwa Trenton, Kanada, na kufikia 2005 ilikuwa imesimama kamili, imepakwa rangi, kama inasubiri wafanyakazi wake. Watu wa fani yetu wanaweza kubishana usiku kucha ipi ilitendewa haki. Mimi nazipenda zote mbili, na siwaombi mchague njia moja. Naomba tu kwamba atakayechagua njia ya Trenton awe amemaliza kwanza kuandika kila alichokikuta, kwa sababu aliyechagua njia ya W1048 bado anaweza kubadili mawazo, lakini wa Trenton hawezi tena.

Sasa nije kwa wakuu wa mamlaka za usafiri wa anga, maana mna jambo lenu. Mkaguzi wenu akija karakanani, kila ribiti mpya inayoingia ndani ya ndege lazima iwe na hati: imetoka wapi, imepikwa kwa joto gani. Ni sawa, na iwe hivyo. Kuna ribiti ambazo baada ya kupikwa hukaa laini kwa muda mfupi tu, ndiyo maana tunazitunza kwenye friza na kuzitoa chache chache, unapiga mbio kabla hazijakakamaa. Mkaguzi anataka kujua hata zilitoka kwenye friza saa ngapi. Lakini kipande cha zamani kinachotoka ndani ya ndege ileile, chenye miaka themanini na habari zake zote, hakiulizwi hata jina. Kinaingia kwenye pipa la vyuma chakavu. Kwa kalamu yenu mnaweza kuongeza mstari mmoja kwenye fomu ileile: kilichotolewa ni nini, kilikuwa na alama gani, kimewekwa wapi. Fomu mnayo tayari.

Mstari huo ungesaidia pia kwenye suala la majina. Spitfire P9374 ilitua kwenye ufuko karibu na Calais mwezi Mei 1940, mchanga ukaimeza, ikajitokeza tena 1980. Iliruka 2011, na mwaka 2015 ikauzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 3. Mwenzake N3200, naye wa mchanga wa Ufaransa, akakabidhiwa jumba la makumbusho la Duxford mwaka huohuo. Ndege zilizokaa mchangani miaka yote hiyo haziruki kwa mabati yaleyale, na sina ugomvi na hilo. Rubani na familia yake wanastahili mhimili wa bawa wenye chuma kipya. Ugomvi wangu ni na soko linalofuata nyuma, ambapo kibati kimoja cha namba na kilo chache za mabaki vinatosha kumpa mtoto mchanga jina la marehemu, kisha anatembezwa mbele za watu kama mzee. Isemwe wazi: kiasi hiki ni cha 1940, kiasi hiki ni cha juzi. Mnunuzi anayelipa mamilioni hatakimbia. Akikimbia, alikuwa amenunua hadithi.

Kuna jambo la makaburi, nalo sitalizungusha. Baadhi ya mabaki haya yana watu ndani. Uingereza ina sheria tangu 1986 inayolinda mabaki ya ndege za kijeshi, na huwezi kuchimba bila leseni ya wizara ya ulinzi. Marekani ina sheria ya 2004 kwa vyombo vya kijeshi vilivyozama, na bado inahesabu zaidi ya watu wake 81,000 ambao hawajapatikana kutoka vita mbalimbali, wengi wao wakiwa wa Vita vya Pili. Mwaka 2012, katika jangwa la magharibi mwa Misri, ilionekana ndege ya kivita aina ya Kittyhawk, ET574, karibu nzima, imetua kwa tumbo. Aliyekuwa akiirusha mwezi Juni 1942 alikuwa rubani wa miaka 24, Dennis Copping, akiipeleka kufanyiwa matengenezo. Karibu na ndege kulionekana mabaki ya parashuti, ishara kwamba alinusurika kutua akajaribu kujipatia kivuli. Ebu fikirini daftari lililokuwa pale: jinsi vitu vilivyowekwa, kipi kilitolewa kwenye ndege na kipi kiliachwa, bati lilivyosuguliwa na upepo upande mmoja kuliko mwingine kwa miaka 70. Yote hayo yalikuwa ni maandishi ya mtu wa mwisho kuigusa. Ndege ililetwa El Alamein, na baadaye ikapakwa rangi mpya. Nilipoona picha zake nilikumbuka mlango wangu.

Kwa hiyo kwenye kila mabaki, swali la kwanza liwe la mtu, la pili liwe la chuma. Na aliyekuta mfupa, kitufe cha shati au kibao cha shingoni asimamishe kazi hapohapo, hata kama kreni inalipiwa kwa saa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na nadhani walikuwa wamewahi kuliona ghala la jumba la makumbusho. Niwageukie watunza nyaraka. Mosquito ni ndege ya mbao: plaiwudi ya mti wa birchi nje na ndani, katikati balsa nyepesi, bodi inaundwa kwa nusu mbili juu ya kalibu halafu zinaunganishwa kama maganda mawili ya karanga. Zilitengenezwa 7,781. Gundi za mwanzo zilikuwa za kaseini, yaani zimetokana na maziwa, na mwaka 1944 ndege kadhaa zilizokuwa India zilifunguka maungio. Moja iliyokuwa ikiendelea kuruka Uingereza, RR299, ilianguka Julai 1996 na kuua watu wawili, na baada ya hapo anga lote la dunia likakaa bila Mosquito miaka kumi na sita, mpaka KA114 iliporuka New Zealand mwaka 2012. Bodi ya mbao haikarabatiki kwa bati na ribiti. Mtu alilazimika kutengeneza kalibu upya kabla ya kutengeneza ndege.

Halafu mwaka 2017, katika kiwanda cha Broughton, Wales, ndani ya jengo lililokuwa linasubiri kubomolewa, ikakutwa michoro zaidi ya 20,000 ya Mosquito kwenye kadi za filamu. Elfu ishirini! Fikirini dereva wa tingatinga angewahi Jumatatu. Sasa nawauliza, ni majengo mangapi yaliyo chini yenu yana makabati ambayo hakuna aliyeyafungua tangu mtangulizi wenu astaafu? Michoro hiyo inahitaji skana na kijana mmoja mvumilivu. Gharama yake haifikii rangi ya bawa moja.

Karatasi pia huzuia hasara. Mwaka 2013 timu ilikwenda kuchimba Yangon, Myanmar, kutafuta Spitfire zilizosemekana kuzikwa ndani ya makasha mwishoni mwa vita. Dunia nzima ilishangilia kabla jembe halijagusa udongo. Hazikupatikana, na mfadhili akasema hadharani kwamba hakuna zilizozikwa. Nyaraka za usafirishaji wa ndege na za bandari zilikuwepo muda wote kwa mwenye subira ya kuzisoma. Kadi ya Form 78 ya jeshi la anga la Uingereza inaonyesha ndege ilihamia kikosi gani, lini. Madaftari ya operesheni yako kwenye nyaraka za taifa za Uingereza pale Kew, mkusanyiko wa AIR 27. Kwa Wamarekani kuna ripoti za wafanyakazi wa ndege waliopotea, zenye namba za injini na hata za bunduki za ndege. Namba ya bunduki moja iliyotoka kwenye tope inaweza kutaja majina ya watu kumi. Lakini nyaraka nyingi bado zinataka mtafiti asafiri, aombe, asubiri, alipe kwa ukurasa. Mtu wa karakana ya kujitolea hana nauli hiyo, kwa hiyo anachimba kwa uvumi. Mnapofunga nyaraka mnatutuma shambani na koleo.

Mtu atauliza kuhusu hatari, na ni kweli zipo. Mishale na namba zinazong'aa gizani kwenye mita za zamani zimepakwa radiamu, nayo inachukua miaka 1,600 kupungua nusu. Rangi ile ya kromati niliyoipuliza bila barakoa inasababisha saratani. Hilo nililijua baadaye. Lakini nimeona pia mtu wa usalama akitupa dashibodi nzima kwa sababu ya mita mbili. Mita zitolewe, zifungiwe, ziandikwe. Dashibodi ibaki.

Niwaachie jambo moja la ofisini, maana ndiko maamuzi yanakofanyika. Fomu zenu za kuomba ruzuku zina kisanduku cha "tarehe ya kukamilika" na kingine cha "idadi ya wageni inayotarajiwa". Hakuna kisanduku cha "tumegundua nini". Anayeandika kwamba atatumia mwaka mzima kusoma bawa bila kuligusa ananyimwa. Anayeahidi ndege inayong'aa kabla ya maadhimisho anapewa. Sisi mafundi si wajinga, tunajifunza haraka fomu inapenda nini.

Ule mlango uliondolewa kwenye maonyesho miaka michache baadaye, ukataka kutupwa, nikauomba. Uko kwenye meza yangu. Nimeupiga picha kwa tochi ya ubavuni, pande zote mbili, na nimeandika kila kilichobaki: namba ya kipuri, ribiti nne zisizolingana na nyingine, mkwaruzo mrefu wa bawaba za mlango, na kwenye kona ya chini herufi moja na nusu ya penseli. Kwenye daftari, mbele ya safu ya "rangi ya asili", nimeandika: iliondolewa na mimi, kwa mchanga. Nimeweka na tarehe.

Karakana yetu inafunguliwa kila Jumamosi saa tatu asubuhi. Mkiniruhusu kuingia kwenye maghala yenu nitakuja na tochi, kamera, penseli na daftari, na mtu mmoja wa kunishikia ngazi. Malipo sihitaji. Nahitaji barua ya ruhusa na mtu mwenye ufunguo.

Wenu katika kazi,
Fundi wa kujitolea, karakana ya ndege za zamani